Uji Nilioonja Mapema

Mama mdogo alifika kwetu Buzebazeba, karibu na Ujiji, asubuhi moja akiongozana na mwanamke wa Kibirizi, aliyemkuta ufukweni akiwauliza wateka maji njia ya kwenda kwa dada yake. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mitumbwi iliingia kila siku kutoka ng'ambo, na mama yangu alikuwa ameshazoea kushuka ziwani kutazama nyuso za wanaoshuka. Hakuwahi kumwona mdogo wake huko. Alipomkuta amesimama mlangoni alipiga ukelele mmoja, kisha akamshika mabega na kumzungusha kama anayekagua nguo ya mtumba.

Walizaliwa tumbo moja, Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Mama akaolewa Ujiji, mdogo wake akaolewa Burundi, upande wa ziwa, kabla mimi sijaanza shule. Kwa hiyo alikuwa Mtanzania aliyerudi kama mkimbizi, na hakuwa na karatasi ya kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kirundi. Akiuliza bei ya dagaa sokoni, watu waligeuka.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Baba alikuwa kazini Mpanda. Nilipewa kazi ya kulala chumba kimoja na mama mdogo, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba halali kama watu wengine. Alilala ameketi, mgongo ukutani, uso mlangoni. Aliongea kwa sauti ya chini na watu ambao mimi sikuwaona, kama anayewasihi. Baada ya wiki mbili nilijua pia kwamba anakunywa gongo, na kwamba anaanza mapema kabla sisi hatujawasha moto.

Tungeweza kuishi na hayo. Lililotuponza ni arobaini ya mtoto mchanga wa jirani. Tulialikwa, tukaketi kwenye mkeka na wanawake wenzetu, sinia la pilau likaletwa. Mama mdogo alilitazama, akainuka, akalipiga teke. "Hakuna aliyeonja!" alipiga kelele. "Msiwape watoto! Hakuna aliyeonja!"

Kwetu, ukimpa mtu kitu cha kunywa au kula, unaonja wewe kwanza mbele yake, aone. Wazee walifanya hivyo kwa dhati. Siku zile wengi walikuwa wanagusisha midomo tu kwa haraka, na kwenye sinia la shughuli hakuna aliyejisumbua. Lakini kumwambia mtu hadharani kwamba hakuonja ni kumwambia umeniwekea sumu, na hilo ni tusi ambalo halifutiki kwa pole. Jirani alilia. Jioni yake mwenyekiti wa mtaa alikuja, akakataa kuketi.

"Mama, mimi nakuheshimu," alimwambia mama yangu. "Ikitokea tena naandika barua. Lori la kupeleka wakimbizi kambini linapita hapa kila wiki."

"Huyu ni mdogo wangu, kazaliwa Kalinzi."

"Ana karatasi?"

Kambini, tulivyosikia, walikuwa wanapanga foleni ya chakula kutoka kwenye mapipa. Mtu asiyekula sinia la jirani angekula nini huko? Hilo ndilo lililotukimbiza kutafuta tiba. Tulikuwa tunakimbia lori.

Tulianza na chumba cha wagonjwa wa akili, hospitalini. Wakasema aache pombe kwanza, ndipo ijulikane ugonjwa ni upi. Tukampeleka kwenye kikundi cha kanisani cha watu wanaoacha pombe. Kiongozi wao alituita pembeni siku ya pili. "Hapa watu wanatoa ushuhuda," alisema. "Dada yenu anaongea na ukuta. Mtulizeni kichwa kwanza, halafu mrudi." Mama alitoka pale akicheka kwa hasira. Kila mlango ulimtuma kwenye mlango mwingine.

Ndipo tukaambiwa habari za muuguzi mmoja, mwanamke mgeni kutoka Nyanda za Juu Kusini, aliyekuwa na chumba nyuma ya zahanati moja ya Ujiji. Jumanne na Ijumaa alipokea wanawake tu, wale wa pombe na wale wa kichwa pamoja, bila kuwatenganisha. Aliyetuambia alishusha sauti. "Ila kuweni macho," alisema. "Yule haulizi kitu."

Msomaji wa leo huenda asielewe kwa nini hilo lilitutisha. Miaka ile kila mtu aliulizwa. Umetoka wapi, umevuka lini, na nani, kabila gani, mume yuko wapi. Kila mwenye meza alikuwa na fomu. Mtu mwenye meza asiyeuliza tulimwona kama mvuvi asiyetupa nyavu. Tulijiuliza samaki anawapata vipi. Uvumi ulikuwa kwamba chumba kile ndicho kinachokusanya majina ya lori.

Siku ya kwanza mama, kwa wasiwasi, alimwamkia yule muuguzi shikamoo, naye ni mdogo wake kwa miaka kumi.

"Jamani, mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba," mama alijibu, na nikaona amekasirika kwa kuonekana ana hofu.

Muuguzi hakuvaa sare. Kulikuwa na viti vinne na meza iliyosukumwa ukutani. Alimuuliza mama mdogo angependa kukaa wapi. Mama mdogo alichagua kiti cha mlangoni, na muuguzi akahamisha chake ili asiwe kati ya mgonjwa na mlango. Niliona, nikaweka akilini kama jambo la kutilia shaka.

Mama alisubiri maswali. Hayakuja. "Hutaki kujua yaliyompata?" aliuliza mwishowe.

"Akitaka kuniambia ataniambia. Leo nataka kujua analala kiasi gani na anakunywa kiasi gani."

"Nani kakuambia anakunywa?"

"Nimesikia harufu, mama. Sijauliza kama anakunywa. Nimeuliza kiasi."

Mama mdogo alinyoosha vidole vitatu, akavilaza kimoja juu ya kingine kuonyesha kina cha glasi, kisha akaonyesha mara ngapi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anajibu mtu mwenye meza.

Muuguzi alisema asiache ghafla. Akiacha leo, keshokutwa anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Atapunguziwa pole pole, na vidonge vya kumtuliza atapewa mkononi mwenyewe, ajue ni vya nini, ameze akiwa hajalewa. "Pombe na kichwa ni vya mtu mmoja," alisema. "Nitavitibu kwa pamoja."

Njiani mama hakutulia. "Umeona wapi muuguzi anayemruhusu mlevi anywe?"

"Na hakuandika kabila," nikasema. "Wala alikotoka."

"Ndiyo hapo pa kuogopa. Anaandika tukishaondoka." Tulipofika karibu na nyumbani akaamua. "Wewe umesoma. Utakuwa unakwenda naye. Kaa, angalia, usiseme kitu."

Nikawa mpelelezi. Kazi hiyo niliipenda kuliko ninavyotaka kukiri. Niliona muuguzi akibisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, kama kuna mgonjwa ndani, na kusubiri aambiwe karibu. Niliona wanawake wakisinzia kwenye mkeka wake mchana na yeye haulizi. Nilijifunza kusoma daftari lake kichwa chini. Kwenye ukurasa wa mama mdogo gongo, usingizi na wale watu anaoongea nao vyote vilikuwa pamoja, mstari kwa mstari. Siku moja nilisoma: *Amekaa dakika kumi zaidi ya Ijumaa.* Nilikwenda nalo nyumbani kama siri ya serikali. Mimi na mama tuliligeuza kila upande tukitafuta maana yake iliyofichwa.

Wiki tatu zikapita bila nafuu tuliyoiona. Kisha nilipokuwa nafua kitenge cha mama mdogo nikakuta fundo kwenye pindo. Ndani yake vilikuwepo vidonge vyote.

"Hamezi," nilimwambia mama.

"Basi amejua ni sumu."

"Mama!"

"Nasema tu."

Siku iliyofuata nilimfuata alikokuwa anakwenda kunywa. Alishuka njia ya mitambo ya kukamulia mawese, akaingia uani kwa mwanamke mmoja mnene, mzaliwa wa Mwandiga, mwenye pengo la jino la mbele. Nilisimama nje ya uzio wa matete. Yule mwanamke alimimina gongo kwenye glasi. Hakumpa. Alikunywa yeye funda moja, akameza, akafungua kinywa wazi hadi pengo likaonekana, akatulia.

"Nimekufa?" akauliza.

"Oya," mama mdogo alijibu kwa Kirundi, yaani hapana. "Bado."

"Basi kunywa, mke mwenzangu," alimtania.

Wakacheka wote wawili. Sikuwa nimewahi kumsikia mama mdogo akicheka. Nilibaki pale kwenye matete na kitu kikanikaa sawa kichwani: huyu hakuwa anafuata gongo peke yake. Katika Ujiji nzima, muuza gongo ndiye mtu pekee aliyekuwa akimwonjea kama zamani, kwa dhati, bila haraka. Muuguzi alimpa vidonge mkononi, na maji kwenye kikombe, lakini hakuonja. Sisi nyumbani tulikuwa tunagusisha midomo.

Nilichokijua kilitosha kumponya. Nilikwenda kukitumia vibaya.

Sikumwambia muuguzi, kwa sababu sikumwamini. Asubuhi iliyofuata nilipika uji wa mtama. Nikaketi mbele ya mama mdogo, nikanywa funda moja kubwa, nikameza, nikafungua kinywa.

"Nimekufa?"

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alijiuliza nimeyapata wapi maneno hayo. Kisha pembe ya mdomo ikacheza. "Bado," alisema.

"Ngoja nikuongezee sukari."

Nikageuka kuelekea mekoni. Vidonge viwili vya kwenye lile fundo nilikuwa nimeshavisaga, viko kwenye karatasi. Nikavitia pamoja na sukari, nikakoroga, nikampa.

Alikunywa nusu, akasita. Ulimi ulitembea ndani ya shavu. Akaniangalia. Nilitegemea anitupie kikombe usoni. Badala yake akanywa nusu iliyobaki yote, macho yake yako kwangu, akakiweka kikombe chini taratibu. Nimezunguka miji mingi tangu siku ile na sijapata jibu la kwa nini aliumalizia.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba alikuwa ameshapitia kwa yule mwanamke alfajiri. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelala sakafuni, anakoroma kwa sauti nisiyoijua, na kila tulipomwita hakuitika. Mama alimpiga mashavu, akamwagia maji. Mimi nilikimbia Ujiji.

Muuguzi alikuja amepakiwa kwenye baiskeli. Alimlaza ubavu, akamfungua kinywa, akahesabu pumzi zake. Kisha akanigeukia, na hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumsikia akiuliza kwa ukali. "Amepewa nini?"

Nilimwambia. Vidonge, uji, kuonja, na yule muuza gongo niliyemwiga. Mama aliposikia aliketi chini.

Muuguzi alikaa pale sakafuni mpaka alasiri, mkono wake kwenye bega la mama mdogo, akimwambia jina la mahali alipo na kwamba mlango uko wazi. Alipofumbua macho na kuweza kuketi, muuguzi aliniambia, "Mwambie. Wewe, siyo mimi."

Nikasema. Sikumbuki nilitumia maneno gani. Nakumbuka kwamba nilijitetea katikati, na kwamba hakuna aliyenisaidia.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. "Wale hawakuonja," alisema. "Wewe ulionja."

"Wale nani?" mama akadakia. Muuguzi alimnyooshea kiganja amwache. Hatukuuliza tena, siku ile wala baadaye, na hadi leo sijui walikuwa nani, ilikuwa njia gani, na ni chakula au kinywaji gani walichotoa bila kuonja. Najua tu kwamba kwenye hesabu yake mimi niliwapita kwa ubaya.

Nje, muuguzi alisimama nami karibu na ukuta. Nilisubiri matusi. "Wiki tatu nimeandika kwamba anaogopa sumu kwa sababu ya ugonjwa," alisema. "Mbona hamkuniambia kwamba huku watu wanaonjeana?"

"Hukuuliza," nikasema.

Uso wake ulibadilika na nikaona kwamba neno lile, nililolitoa kwa kiburi, limemwingia. Yeye alijizuia kuuliza ili asiwaumize, na sisi tulinyamaza kwa kumshuku, na katikati yetu mtu nusura afe.

"Huyo anayemwonjea," aliuliza, "anaweza kuja kwangu?"

Ilibidi muuguzi aende mwenyewe kumwita, kwa maana gongo ni haramu kisheria na yule mwanamke alijua anakwenda kukamatwa. Alikuja Jumanne amevaa vitenge vipya, kama wa kwenda mahakamani. Akasimama mlangoni akachungulia nyuma ya mlango, kisha chini ya meza.

"Polisi wamekaa wapi?"

"Hakuna polisi, dada. Karibu."

"Mimi nauza ugonjwa. Leo naitwa kwenye tiba. Haya."

Muuguzi aliweka kopo zima la vidonge mezani, wazi. Akamwambia mama mdogo achague mwenyewe. Mama mdogo alitia mkono hadi chini kabisa ya kopo, akatoa kimoja. "Meza wewe kwanza," alimwambia muuguzi.

"Nikimeza nitalala hapa, na nani atawaangalia? Maji ndiyo tutaonja."

Yule mwanamke akachukua kikombe cha maji, akanywa funda, akafungua kinywa na pengo lake. "Nimekufa? Maana maji sijazoea."

"Bado," mama mdogo alisema. Akachukua kikombe, akameza.

Hilo nililiona kupitia dirisha. Mama mdogo alikuwa amesema mimi nisiingie. Tangu siku ile nilimsindikiza mpaka barazani na kuketi juu ya tofali, na mambo ya mle ndani sikuyajua tena, mimi niliyekuwa na kazi ya kujua. Nilisikia tu kwamba muuguzi na muuza gongo wamekubaliana kipimo. Vidole vitatu vikawa viwili na nusu, vikawa viwili. "Mnaniulia biashara," yule mwanamke alilalamika akitoka, lakini alikuwa anarudi kila Jumanne. Mtaani walisema muuguzi amefungua kilabu. Mama, kwa shaka yake ile ile, alisema wawili wale wamekuwa kitu kimoja na siku moja tutajua kwa nini.

Mama mdogo hakupona kama watu wanavyopona kwenye hadithi. Alianguka tena kwenye ulevi mara mbili ninazozijua. Safari moja alipotea siku tatu tukamkuta Mwandiga, ameketi nje ya duka lililofungwa. Muuguzi hakumfukuza. Alifungua ukurasa mwingine wa daftari lile lile. Lakini usiku alianza kulala ubavu. Wale aliokuwa akiwasihi walipungua, au alijifunza kuwasihi kimya.

Habari za ile safari ya Mwandiga zilimfikia mwenyekiti. Alikuja mchana, na karatasi iliyokunjwa ilionekana kwenye mfuko wa shati. Mama mdogo ndiye aliyeinuka. Aliingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati, akapiga goti mbele ya yule mzee. Akanywa funda moja, akameza, akasubiri kidogo ili aone. Kisha akampa kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alikuwa Muha wa mila za zamani. Alikishika kile kikombe akakitazama. Asingeweza kukataa, kukataa maji yaliyoonjwa ni kusema nyumba hii ni ya wachawi, na yeye alikuja kama mtu wa serikali. Akanywa. Akishakunywa, ikawa vigumu kutoa karatasi. Aliuliza habari za mvua kule Kalinzi. Mama mdogo alimjibu kwa Kiha, Kiha cha Kalinzi kabisa, kisicho na ng'ambo ndani yake. Alipoaga, karatasi ilikuwa bado mfukoni.

"Ataipeleka kesho," mama alisema mlango ulipofungwa. Hakuipeleka kesho. Kwa miezi mingi siku ya lori tulikuwa tunasimama dirishani tukilihesabu likipita. Mama aliendelea kuhesabu hata baada ya lori kuacha kuja.

Matokeo yangu hayakunipeleka mbali, miguu ikanipeleka. Nimekaa Mpanda, Tabora, Mwanza, Tunduma, na hakuna nyumba niliyoizoea hadi kujua mlango wake unalia vipi. Kila baada ya miaka michache nasikia harufu ya mawese mahali fulani na najikuta nimekata tiketi ya kurudi. Muuguzi alihamishwa zamani. Chumba chake kimekuwa stoo ya saruji. Yule mwanamke wa Mwandiga amefariki, na mama amefariki. Mama mdogo yupo, Buzebazeba, chumba kile kile. Gongo hajagusa kwa miaka mingi, na vidonge anavifuata mwenyewe.

Kwa watoto wa jirani anakula bila kuuliza nani ameonja. Anakula hata kwenye masinia ya shughuli. Nimemwona.

Mara ya mwisho nilimpikia uji. Nikaketi mbele yake, nikanywa funda, nikafungua kinywa.

"Nimekufa?"

"Bado," alisema, akacheka, kwa kuwa sasa ni mzaha wetu na wageni wakiwepo huwa ananiita mpishi wa sumu. Lakini hakupokea. "Ngoja kidogo," akasema. Akaniangalia usoni, halafu mikononi, muda mrefu kuliko mzaha unavyohitaji, hadi uji ukafanya ngozi juu. Sikugeuka kuelekea mekoni. Sukari siku hizi naileta kwenye bakuli, naiweka katikati yetu, na kijiko namwachia yeye.